Kilio cha Delmar Makaburini

Delmar Stroud hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, hata siku moja, ila ukimsikia akiuzungumza ungeapa kwamba Chuo cha Catoma kilitwaa vikombe vyake vyote kwa jasho lake yeye. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule hadi alipostaafu, mtu wa mikono myeusi na mdomo mwepesi. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani alifunga turubai lake jekundu kwenye majani ya chuo nyuma ya jengo la kemia, akawasha jiko la mbavu za nguruwe tangu asubuhi. Hapo alikutana na Boyce muuza matairi na Lamar aliyekuwa akifanya kazi posta, wakatafuna karanga za kuchemsha na kuikumbuka timu ya zamani. Ya sasa hawakuitaja sana. Ilikuwa inafungwa na vyuo ambavyo enzi zile visingethubutu hata kushuka kwenye basi.

Enzi zile ndiyo miaka ya tisini, Nyigu wa Catoma walipokuwa nyigu kweli, wakimuuma kila aliyekatiza Alabama. Na katika kukumbuka kwao kulikuwa na desturi: kila mtu aeleze alikuwa wapi siku Tyree Gaddis alipoudaka mpira mwisho kabisa wa uwanja, sekunde za mwisho, akaubana kifuani na kukimbia nao uwanja mzima hadi kwenye mstari wa wapinzani, watu wazima kumi na mmoja wakishindwa kumwangusha. Lamar alikuwa hospitali, mkewe anajifungua. Boyce alikuwa juu ya paa anaziba mahali panapovuja. Lakini hadithi iliyongojewa ilikuwa ya Delmar, kwa sababu Delmar alikuwa makaburini, anamzika baba mkwe wake.

Mzee Hoyt Pickens alifariki bila kutazama ratiba ya mechi, na familia ikapanga maziko Jumamosi hiyo hiyo. Delmar akatia redio ndogo mfukoni, akapitisha waya ndani ya koti la suti na kuchomeka kidude sikioni, upande usioelekea kwa mchungaji. Jeneza lilipokuwa linashushwa, Gaddis akaanza kukimbia. Delmar alijikaza mpaka Gaddis alipofika katikati ya uwanja, kisha akapiga ukelele uliowarusha kunguru mitini, akaanguka magoti kwenye udongo, machozi ya furaha yanamtiririka. Halafu ndipo kilipokuja kipande ambacho wenzake walikisubiri kwa hamu: mama mkwe alimwendea, akamkumbatia, akalia naye, na Delmar akamkumbatia barabara huku sikio moja likingoja kujua kama mpira umefika.

"Na umefika!" walimalizia wote kwa pamoja, mwaka hadi mwaka, wakijipiga mapaja.

Verlene, mkewe, kila mara alinyanyuka kabla ya hapo kwenda kutafuta barafu. Delmar alidhani amechoka tu kuisikia.

Mwaka huu mama yake Verlene, Mama Oleta, alivunjika nyonga akahamia kwao. Jumamosi ya mechi ya kwanza ilipofika hakukuwa na wa kubaki naye nyumbani, na ni Delmar mwenyewe aliyesema aje, abadilishe hewa.

"Mama hapendi makelele," Verlene alisema.

"Atazoea. Miaka yote hii hujamleta hata mara moja, kwani kuna nini?"

Verlene alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Unaniuliza mimi kuna nini? Ile hadithi yako, Delmar. Aliyekuwa anazikwa ni mume wake."

Hapo ndipo ilipomwingia, na aibu ikampanda kuanzia shingoni. Miaka yote hiyo bibi yule alikuwa akimwita mwanangu. Alimwokea keki ya nazi kila siku yake ya kuzaliwa, keki ambayo hata wanawe wa kuwazaa hawakuiona, naye Delmar hakuwahi kukaa akajiuliza kwa nini. Au tuseme alijiuliza, akalijua jibu, akaliacha lilale, maana keki ilikuwa tamu. Akampigia Lamar simu: leo ya makaburini hatuigusi. Boyce hakupokea.

Mchana Mama Oleta alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya turubai, blanketi magotini, anakula saladi ya viazi na kuuliza mbona wachezaji wanaopita kwenda uwanjani siku hizi ni wadogo. Delmar alimhudumia kwa bidii ya mtumishi mpya, mara mto, mara chai, mara amsogeze moshi usimfikie. Boyce akafika kwa kuchelewa.

"Hee, leo tumeletewa malkia!" Alivua kofia akamwinamia bibi, akajimiminia chai ya barafu, akajitupa kitini. "Haya jamani, nimepitwa na nini? Gaddis ameshakimbia?"

"Kula kwanza, wewe," Delmar alisema haraka. "Chukua mbavu."

"Mbavu hazina miguu. Lamar, wewe ulikuwa hospitali, tunajua, mtoto alizaliwa, hongera. Mimi nilikuwa juu ya paa. Sasa Delmar, lete ya mazishi!"

Lamar akamkanyaga mguu.

"Unanikanyagia nini, bwana? Ya mazishi ya Mzee Hoyt! Bila hiyo msimu haujaanza."

Alipolitamka jina hilo alilisikia mwenyewe. Akamtazama bibi, akafumba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Mazishi ya Hoyt?" Mama Oleta aliweka uma chini. "Kumbe huwa mnayazungumza huku?"

"Huwa... huwa tunayagusia, mama," Delmar alijibu. Sauti yake ilitoka nyembamba hata yeye akaionea haya.

"Basi niacheni nisimulie mimi, maana huyu hawezi kujisifu."

Delmar alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na turubai lake.

"Hoyt hakuwa mtu rahisi," bibi alisema. "Mungu anisamehe, lakini mlimjua. Alikuwa na mkono mzito wa kupiga. Siku ile wanangu wa kiume walisimama pale macho makavu, utadhani wanasubiri lori la taka lipite. Na mimi hivyo hivyo. Nikajilazimisha kulia, machozi yakagoma. Nikajiambia, Oleta, umelala kitanda kimoja na mtu maisha yako yote na huna hata chozi la kumpa, we mwanamke gani? Ndipo huyu," akamnyooshea Delmar kidole kilichopinda kwa baridi yabisi, "huyu wa kuja tu, ambaye Hoyt hakuwahi kumwambia neno jema, akapiga ukelele kama amechomwa kisu. Akaanguka chini. Nami nikafunguka. Nililia hadi nikaishiwa. Bila yeye, yule mzee ningekuwa naye hapa kifuani mpaka leo."

Lamar alikuwa amevua kofia. Boyce alitazama ganda la karanga mkononi mwake kama hajawahi kuona karanga. Wote watatu walikuwa wameicheka siku ile kwa miaka, na sasa hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Delmar alifungua mdomo ili aseme ukweli. Akaona kwamba ukweli huo ungemtua yeye mzigo na kumtwika bibi. Kisha akaona kwamba hivyo ndivyo mwoga yeyote angejiambia, na akashindwa kujua yeye yuko upande upi.

"Sogea hapa, mwanangu."

Akaenda, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Zamu yangu haiko mbali. Wale wanangu watasimama tena vile vile na suti zao. Wewe usiwaige. Siku hiyo unililie kama ulivyomlilia Hoyt. Niahidi."

Delmar alimtafuta Verlene kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, na safari hii hakuondoka.

"Mwahidi," Verlene alisema.

"Nakuahidi, mama."

Na hapo akaanza kulia, kweli kweli, kwa aibu tupu, kichwa mapajani mwa bibi na mabega yakimtikisika. Uwanjani bendi ilikuwa imeanza kuwapokea Nyigu, na chini ya turubai hakuna aliyeinuka.

"Mnamwona?" Mama Oleta aliwaambia wale wanaume huku akimpapasa kisogo. "Mnauona moyo wake?"

Verlene aliinama kuondoa sahani ya mama yake. Alipofika karibu na sikio la mumewe alisema polepole, bila hasira, "Na hii nayo mwakani utawasimulia."