Mtandao Uliobaki Katoyi

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya, hasikii. Homa ya utotoni ilimwachia uziwi kabla hajajua kusema vizuri. Lugha aliipata baadaye, katika shule ya viziwi, lugha ya mikono, na aliipata pamoja na msichana mmoja aliyekaa naye benchi moja mpaka wakamaliza. Sisi wa nyumbani tuliokota ishara chache za kutusogeza siku: njoo, kula, maji, mteja amefika, mama anaumwa. Yaya akawa mshonaji. Rafiki yake, vita viliposogea, alikimbilia Kampala na watoto wake.

Tulipokuwa mtaa wa Katoyi, hapa Goma, tulikuwa na mtandao wa nyumbani. Antene ilikaa juu ya bati, ikitazama mlingoti wa kampuni kule kilimani. Niliuweka kwa ajili ya kazi yangu ya kutafsiri, lakini mwenye mtandao hasa alikuwa yaya. Kila jioni, akishafunika cherehani, aliisimamisha simu kwenye rundo la vitambaa, na rafiki yake akatokea. Hapo nilimwona dada ambaye sikumfahamu. Alibishana, alitania, aliwaiga wateja wanaojiona wembamba. Mama aliacha maharage aliyokuwa akichambua akamtazama, haelewi kitu, akacheka kwa sababu yaya anacheka.

Kisha mwenye nyumba akauza. Tukapata nyumba Keshero. Nilipompeleka yaya kuiona, hakuuliza maji wala jikoni. Alichora antene hewani kwa kidole, akaelekeza juu ya bati la nyumba mpya, akaningoja. Nikaitikia kwa kichwa. Kwenye ofisi ya kampuni walikuwa wameniambia kuhamisha ni kitu kidogo: wanashusha huku, wanapandisha kule.

Siku ya kuhama, fundi alikuja akaishusha antene ya Katoyi, akafuata kwa pikipiki kamyoneti iliyobeba vyombo vyetu. Tulipofika Keshero, akapanda juu ya bati. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, simu mkononi. Yaya alisimama uani, shingo juu, akiusoma uso wake. Amezoea kusoma nyuso. Aliingia ndani kabla fundi hajaanza kushuka ngazi.

"Mama, hapa haione mulingoti," fundi akaniambia. "Hii etaje ya jirani njo inafunga. Inaomba chuma kirefu ya kupandisha antene, na ile hatuna mu stoki."

"Itafika lini?"

"Zamani bilikuwa bikikuya na ndege. Sasa kiwanja ya ndege inafungwa juu ya vita, siwezi kukudanganya."

Nilivuka barabara nikagonga kwenye ile etaje, nyumba ya ghorofa iliyotuziba. Nilitaka kuomba tuifunge antene juu kwao, tushushe waya mpaka kwetu. Mlinzi alinisikiliza kwa adabu. "Muzee mwenye nyumba alishaondoka Goma," akasema, "na simu yake haiite. Mimi siwezi kuacha mutu apande."

Nikarudi ofisini. Dada wa mapokezi alikuwa peke yake kati ya meza tupu. "Wakubwa walishaenda," alisema. "Ntakuandika, mama, lakini usingoje sana." Niliporudi tena mlango ulikuwa na kufuli. Kampuni nyingine hazikuwa zikipokea wateja wapya.

Tukabaki na mega za simu, data ya kununua kidogo kidogo. Kwa mtu anayesikia zinatosha: sauti ikikatika, unakisia. Mkono ukikatika katikati, unakuwa neno lingine au hauwi neno kabisa. Nilimwona yaya akiinua kidole kuomba rafiki arudie, na rafiki akiganda, mdomo wazi, mikono imekuwa ukungu. Walianza kuzungumza mara moja moja, kisha kwa dakika chache tu.

Jioni moja rafiki alitokea akiwa amesimama, nyuma yake mabegi. Mikono yake ilikwenda mbio, ikaganda, ikaruka. Yaya aliisogeza simu dirishani, akatoka nayo uani, akapanda juu ya jiwe. Picha ikazima. Baadaye ukaja ujumbe, kwa maneno machache wanayojua kuandika: "Kesho ndege. Mimi, watoto. Mbali." Yaya alinipa simu niusome, kana kwamba mimi ningeona humo zaidi ya alichoona yeye. Aliandika kuuliza ni wapi. Jibu halikuja, na ile namba ya Kampala haijapatikana tena.

Siku chache baadaye alitoka mchana bila kuaga. Mama alihangaika, nikazunguka kwa wateja wake wote. Nilimkuta Katoyi, ameketi kwenye mawe nje ya ukuta wa nyumba yetu ya zamani, simu mkononi. Nikainama mbele yake, nikamwonyesha kwa ishara zangu mbovu kwamba antene ilitolewa, hapa hakuna kitu. Akanitazama kwa uvumilivu, akagusa kichwa chake: najua. Aliendelea kukaa. Nikakaa naye mpaka mvua ikatuondoa.

Sasa anashona kutwa nzima, na jioni anaendelea kushona. Mama aliniomba nijifunze mikono ya yaya vizuri. Nilijaribu. Yaya alinifundisha kwa wiki kadhaa, lakini nilichanganya kila kitu, na kunirekebisha kulimchosha zaidi kuliko kunyamaza. Tulichokuwa nacho kilitosha kuombana chumvi.

Juzi nilimuuliza, kwa mikono na kwa kuchora kwenye karatasi ya kukatia nguo, kama anataka tutafute nyumba nyingine, mahali pa juu, penye kuona mlingoti. Alifikiri, akanijibu kwa ishara ndefu nisiyoijua. Nilimwomba arudie. Akarudia polepole, na bado sikuelewa. Akatikisa mkono kuonyesha kwamba si kitu, akachukua mkasi, akaendelea kukata.