Swali Langu Kuhusu Galaksi ya Binti Yangu

Siku binti yangu alipotetea tasnifu yake ya uzamivu, nilitoka moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya wazee ninaowahudumia, bado nimevaa sare. Nilikaa safu ya nyuma. Tangu tuhamie Toronto akiwa mdogo, mimi humsemesha Kiswahili, naye hunijibu Kiingereza.

Masomo yake niliyajua kijuujuu. Nyota kubwa ikifa, pengine hutoa mlipuko wa miale ya gamma, wa sekunde chache tu, kisha huacha mng'ao unaofifia polepole. Kwa mng'ao huo, yeye na wenzake huitafuta galaksi ambamo nyota ile iliishi. Alituonyesha picha: doa hafifu, na ubavuni pake galaksi kubwa, nzuri, ya mviringo kama sinia. Akasema nyota yake ilitoka kwenye lile doa, nalo pia ni galaksi.

Mwenyekiti wa kikao aliwapa wageni nafasi ya kuuliza kwanza. Nikainua mkono kabla sijajishauri, na Kiingereza chote kikanitoka kichwani.

"Mmejuaje ilikuwa ya kwenye doa," nikauliza kwa Kiswahili, "si ya kwa huyo jirani mkubwa?"

Watu waligeuka. Binti yangu akalitafsiri swali. Profesa mmoja mwenye mvi akacheka, akainua karatasi yake: hilo ndilo alilokuwa ameliandika la kwanza.

Lakini binti yangu alinijibu mimi, kwa Kiswahili cha kuokoteza, mbele ya wote.

"Mwanga ulitokea ndani ya doa, Mama. Tena ulikuwa umepita kwenye gesi iliyo mbali sana, mbali kama doa lenyewe. Jirani yuko... yuko huku kwetu. Amesimama tu njiani."

"Nimeelewa," nikasema. Kweli nilikuwa nimeelewa.

Kisha akawaeleza wengine kwa Kiingereza. Watahini walimhoji kwa muda mrefu, wakatutoa nje, wakatuita tena kumpa mkono wa pongezi. Nilimkumbatia hadi miwani yake ikapinda.

Kwenye basi la kurudi mtaani kwetu, Lawrence Heights, alinisimulia tasnifu nzima upya, akiniomba maneno.

"Gesi kwa Kiswahili ni nini?"

"Gesi."

"Na galaksi?"

"Galaksi."

Akanitazama kama niliyemficha jambo miaka yote. Tulicheka mpaka tukapitiliza kituo, tukarudi kwa miguu.