Mia Mbili na Kitu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka uso hunipata joto, na mimi huyu ni mzee niliyebaki na meno ya kuhesabika. Ilinirudia juzi uliponionyesha duka lako jipya pale Kiogoro, na vile vikaratasi ulivyobandika kwenye nguo: mia nne tisini na tisa, mia tisa tisini na tisa. Nilisifu rangi ya ukuta, bei sikuzigusa. Leo nisikilize, na chai yako usiiache ipoe.

Mimi pia nilikuwa na duka, kule Nyaramba, nikiwa msichana mjuaji wa kila kitu. Kisii mjini nilikuwa nimeona kwamba maduka makubwa hayaandiki mia tatu, yanaandika mia mbili tisini na tisa. Nikarudi nikafuta bei zangu zote. Blanketi ya mtoto mchanga, iliyokuwa mia tatu, nikaiandika 299 kwa wino mwekundu. Na kweli blanketi zilitoka, usidhani nakudanganya. Jicho hushika ile mbili ya mbele, likaridhika, halisumbuki tena na zile tisa. Watu wakitoka dukani waliambiana, blanketi kwa yule msichana ni mia mbili na kitu. Nami najipongeza, maana si nimepunguza shilingi nzima? Nani angesema nimemwibia?

Sasa, juu kule ng'ambo ya mashamba ya chai alikaa mjane mmoja, Nyanya Moraa. Binti yake alikuwa amepoteza mimba mbili, na sasa Mungu alikuwa amemkumbuka, amejifungua salama kwenye zahanati yetu. Nyanya gani ataenda kumpokea mjukuu kama huyo mikono mitupu? Akauza mkungu wa ndizi. Jirani alikuwa amemwambia bei, mia mbili na kitu, basi akafunga mia mbili na arobaini kwenye pindo la leso. Hiyo arobaini ndiyo aliyoijua kuwa kitu.

Alishuka asubuhi yenye ukungu na manyunyu. Alichagua blanketi ya manjano, akaikumbatia kifuani kabla hata hajalipa, huku akiwaeleza wateja wengine kwamba mtoto anatoka zahanati leo. Nikahesabu pesa zake, nikamwambia zimepungua hamsini na tisa. Akaniuliza kitu chenyewe ni ngapi. Nikasema tisini na tisa. Mtu nyuma yake akacheka.

Nikajitetea, eti nyanya, hata nimepunguza shilingi moja.

"Hiyo shilingi sikuisikia, mwanangu," alisema taratibu. "Nilisikia mbili. Ungesema mia tatu, ningeuza mkungu wa pili jana."

Akaikunja blanketi vizuri kuliko alivyoikuta, akaiweka kwenye kaunta, akaenda. Ningeweza kumpa. Duka lilikuwa langu. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaogopa kila mtu atataka kupunguziwa, nikamgeukia mteja wa nyuma yake. Nakwambia ukweli, niliona aibu na bado sikumwita arudi.

Adhuhuri nikawaona wakipita kutoka zahanati. Mtoto alikuwa amefungwa kwa sweta ya nyanya na leso yake juu, na Nyanya Moraa mwenyewe anatembea kwenye manyunyu mabega wazi, anatetemeka, anacheka na binti yake. Moyo uliniuma sana. Nikatoka mbio na ile blanketi ya manjano, duka nimeliacha wazi, nikamfunika mtoto pale pale barabarani bila kuomba ruhusa.

Nyanya Moraa akanitazama kwa jicho la utani. "Na hii sasa ni ngapi?"

"Ni ya mtoto, nyanya."

"Haya. Hiyo nimeisikia yote." Akanishika shavu kwa mkono wake uliolowa, nami nikalia mbele za watu kama mtoto mdogo.

Mwanangu, sikukatazi kutafuta faida, duka halilishwi kwa huruma. Ila bei yako iwe ile ambayo mzee akiisikia kwa mdomo wa jirani, atafika mlangoni pako na pesa zinazotosha. Kama ni mia tano, andika mia tano. Na mtu akikwambia mia nne na kitu, usimwache na hicho kitu chake, mtajie ni ngapi kabla hajashika nguo akaipenda. Wewe nawe ukienda kununua, soma namba hadi ya mwisho.

Mungu akufungulie milango ya riziki, binti yangu. Akupe wateja wanaorudi, na mkono mwepesi wa kutoa siku ambayo watu wanakutazama, usichelewe kama mimi hadi adhuhuri.