Blanketi la Fundi Sharifu

Kila fundi cherehani ana dhambi yake. Wengine hukuahidi Ijumaa, wakamaanisha Ijumaa ya mwezi ujao. Fundi Sharifu wa Mlalo hakuwa mtu wa hivyo. Nguo yako uliikuta tayari siku mliyokubaliana, imepigwa pasi na kukunjwa, na jina hilo la uaminifu lilimletea wateja hata kutoka Mgwashi. Jina ndilo lililomlisha.

Dhambi yake ilikuwa ndogo, na aliitenda kwa adabu. "Mama, kitambaa hakikutosha," angesema huku ameinamisha macho. "Mikono nimeibana-bana tu." Mteja alishukuru, akaenda zake na mikono mifupi. Kilichobaki kiliingia kwenye gunia chini ya cherehani. Kwa miaka kumi na tisa Sharifu hakuwahi kukiita wizi. Alikiita mabaki.

Mwaka huu binti yake wa pekee, Nasra, alijifungua mwezi wa saba, wakati ukungu unaingia ndani bila hodi na maji ya kutawadhia yanauma meno. Babu akafungua gunia. Alikata kipimo cha mraba kwenye boksi la majani ya chai, upana wa kiganja, akakifuata hicho hicho kwa kila kitambaa. Alishona vipande vinne vinne, cha rangi nzito kando ya cha rangi nyepesi, akapiga kila mshono pasi ya mkaa mpaka pembe zikakutana sawasawa. Kisha akaviunganisha vyote, ndani akatia blanketi kuukuu, chini akaweka shuka.

Lilipendeza mno, na hapo ndipo akili zilipomtoka. Mtu mwenye busara angelificha chumbani. Sharifu alitaka watu walione.

Za mwizi arobaini, na ya mtoto nayo arobaini. Siku hiyo wanawake walikuja kumwona mtoto, naye amelala mapajani mwa Nasra, amefunikwa blanketi la babu. Jirani yao Zakia aliinama wa kwanza.

"Mashaallah," akasema, kisha akakunja uso. "Hee! Hiki si kitenge changu cha harusi ya mdogo wangu? Kile kilichokosa kutosha kilemba?"

Basi hakuna aliyemtazama mtoto tena. Walilisoma blanketi mraba kwa mraba. Efrazia, mwanakwaya, akapiga ukelele. "Sare yetu hii! Pasaka nzima tumeimba magoti nje!"

Sharifu alikuwa mlangoni na sinia la pilau. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Jina lake la miaka kumi na tisa lilikuwa limetandikwa hapo, kila mwenye macho alisome.

"Baba, ni kweli?" Nasra aliuliza.

Angeweza kusema lolote, lakini mbele ya binti yake ulimi uligoma kudanganya. "Ni kweli, mwanangu. Nilichukua. Nisameheni, mama zangu."

Zakia aliugusa mguu wa mtoto chini ya blanketi. Ulikuwa umepata joto vizuri. "Mwache alale," akasema. "Kitenge changu nimempa yeye." Efrazia naye akasema sare ameitoa, ila ya mwaka huu ataikata fundi huku yeye amesimama pale pale. Wakacheka, na Sharifu akapumua.

Lakini Bi Rahabu, mteja wake mkubwa, alikuwa bado analizunguka blanketi. Alilizunguka mara ya pili, akalifunua pembe, akaangalia hata upande wa shuka.

"Mgosi Sharifu, changu kiko wapi? Gauni langu la bluu, uliniambia kitambaa hakikutosha."

Sharifu aliweka sinia chini. "Chako, Bi Rahabu... wallahi, hakikutosha kweli."

Wanawake walimtazama Rahabu kuanzia mabegani hadi nyongani, kisha wote wakatazama dari. Mmoja alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Rahabu alijifunga khanga, akatoka bila kuonja pilau.

Walioibiwa wote bado wanashonesha kwa Sharifu. Rahabu, ambaye hakuchukuliwa hata uzi, siku hizi anapeleka vitambaa vyake Lushoto mjini, na njia nzima anawaambia watu kwamba fundi wa Mlalo ni mwizi.