Mimi Turubai, Yeye Fito

Kling'i. Kling'i. Kling'i.

Niliisikia kabla sijaona kitu. Na ningeona nini? Ukungu ulikuwa mzito kama uji, theluji inapiga kwa ubavu, na mimi nimelala kwenye changarawe, juu kabisa mgongoni mwa mlima, nimejiviringisha ndani ya hema ambalo halijasimama. Kama samaki kwenye gazeti.

Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeitukana siku mbili mfululizo.

Ilikuwa kengele ya dubu ya yule bwege.

Sasa tulieni niwaeleze ni bwege gani, na kwa nini alikuwa anapanda mlima saa ambayo hata ndege wa theluji wamejificha.

Naitwa Tsukasa. Naendesha mashine ya kunyanyulia makreti ya matofaa kwenye ghala moja pale mjini Matsumoto. Nikitoka kazini naandika mashairi. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna wa kumshukuru. Mlima nao nilijifunza hivyohivyo, kwa miguu yangu.

Wazazi wetu hawapo. Aliyenilea ni dada yangu Misuzu, na mwaka huu aliamua kuolewa.

Na nani? Na muuza miwani wa Yokohama.

Kuwabara. Mwanaume anayekunja soksi zake mara tatu. Akijigonga kwenye mlango, anauomba mlango samahani. Siku ya kwanza tu tulipoonana, akainama mpaka nikaona utosi wake, akasema, "Nimefurahi kukufahamu, shemeji."

"Usiniite shemeji. Bado hujaoa."

"Samahani, shemeji."

Mnaona?

Dada akaniomba nisome shairi siku ya harusi. Nikamwambia siwezi kuharibu wino. Alikuwa anamenya tofaa. Akaweka kisu chini, taratibu, na mimi nikajua nimeyakanyaga.

"Tsukasa, kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi unapanda milimani peke yako."

"Ndiyo."

"Mwaka huu nenda naye. Ukishuka bado unamdharau, usije harusini."

"Dada, unatania."

"Meza ya familia yetu ina viti viwili, changu na chako. Chako nitakiondoa. Nitakaa peke yangu watu wote wanione."

Dada yangu hatanii akiwa ameweka kisu chini.

Nikakubali palepale. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilijua mlima utamrudisha Yokohama kwa magoti, na Misuzu mwenyewe atafumbua macho.

Basi nikapanga safari. Safari ya bei chee, maana mpangaji ni mimi, na mimi sina muda na watu wanaodhani mlima unauzwa dukani. Treni ya taratibu, ile inayosimama mpaka kwenye vituo vya paka. Usiku wa kwanza hema kando ya mto. Usiku wa pili juu mgongoni, kwenye uwanja wa mahema wa nyumba ya wapandaji ya Onigoshi. Nyumba yenyewe ilikuwa imeshafungwa kwa ajili ya majira ya baridi, madirisha yamepigiliwa mbao. Hakuna mtu, kwa hiyo hakuna wa kudai ada ya hema. Akili kichwani.

Chakula tambi za pakiti na wali niliokausha mwenyewe. Chini tutandike nailoni ya mafundi rangi.

Kuwabara alinisikiliza kwa adabu, kalamu mkononi.

"Mvua ikinyesha tutalala wapi?"

"Hemani."

"Na theluji?"

"Hemani."

"Na dubu akija?"

"Akija mpishe, alale katikati."

Kesho yake akarudi na kengele ya kumfukuzia dubu. Imening'inia kwenye shanta mpya, yeye mwenyewe mpya kuanzia kofia mpaka kidole gumba. Viatu vyake vilikuwa ghali kuliko pikipiki yangu. Fimbo mbili za kutembelea, kama buibui mgonjwa. Nikamtungia beti palepale jikoni:

*Kiatu chake cha bei, mguu wake wa uji,*
*asukumwa, hatembei, amwita mama kwa maji.*

Misuzu hakucheka. Kuwabara, bwege, akapiga makofi. "Vina vimekaa vizuri, shemeji."

Kuna desturi moja ambayo kila anayelala milimani kwetu anaijua. Vitu vya wote hugawanywa, ili asiwepo wa kubeba kumzidi mwenzake. Tulitandaza kila kitu kwenye mkeka, tukapima kwa mizani ya dada ya unga. Mimi nikachukua turubai la hema, yeye fito. Mimi jiko, yeye mtungi wa gesi. Mimi sufuria, yeye tambi. Sawasawa kabisa. Huo ndio ustaarabu wa mlima.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Na mkigombana?"

"Tutagombana saa ngapi?" nikamjibu. "Atakuwa amezimia."

Siku ya kwanza hakuzimia. Hiyo ndiyo sifa pekee ninayompa. Alitembea kama mtu anayehesabu mayai, na ile kengele nyuma yangu kling'i, kling'i, mpaka nikajiona nimekodishwa kuchunga ng'ombe mmoja.

"Ivue hiyo kitu!"

"Kuna dubu, shemeji."

"Dubu gani atakula miwani?"

Siku ya pili alikuwa na malengelenge vidole vyote. Kila tukipumzika anavua kiatu, anavitazama vidole kwa huruma, kama wagonjwa waliolazwa. Bonde zima lilikuwa jekundu na la manjano, majani yanawaka, na yeye anatazama vidole.

Mchana tukafika njia panda. Kushoto, hatua chache tu, nyumba ya wapandaji yenye paa jekundu, ya mwisho ambayo ilikuwa bado wazi. Moshi unatoka. Harufu ya kari inatoka. Kulia, miamba, minyororo ya kushikilia, na mgongo wa mlima.

Kuwabara akasimama. Akafuta miwani yake, ikajaa ukungu tena.

"Shemeji, mawingu yale sio mazuri. Mimi nalala hapa."

"Nilijua!" Nilisema kwa furaha kabisa. "Nilijua tangu Matsumoto!"

"Lala na wewe. Nitakulipia."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Nitakulipia! Mtu hawezi kupanda ngazi bila kuombewa, halafu ananilipia mimi kitanda kwenye mlima wangu!

"Nani kakuomba? Nenda ukale kari, ufunikwe blanketi, uimbiwe."

"Ni theluji ile, Tsukasa." Mara ya kwanza aliniita jina langu.

"Theluji ni ya watu wazima. Wewe ingia ndani, utapata mafua."

Nikageuka. Kengele haikunifuata. Nilipanda minyororo ile kama nyani, natunga beti za kumsomea dada nikirudi. Nilikuwa nimeshinda.

Nilipofika juu ilikuwa jioni, upepo umeanza kuuma. Nyumba ya Onigoshi imefungwa kama nilivyosema, mbao kila mahali. Uwanja mzima wa mahema wangu peke yangu, bure. Nikafungua shanta. Nikatoa turubai, nikalitandaza, nikaweka mawe kwenye kona lisipeperuke. Nikaingiza mkono kwenye shanta kuchukua fito.

Nikaingiza tena.

Halafu nikakaa chini.

Turubai, mimi. Fito, yeye. Nikatoa jiko nikalitazama. Gesi, yeye. Nikatoa sufuria. Tambi, yeye.

Jamani, nilikuwa na nusu ya kila kitu duniani.

Giza likaingia, theluji ikaanza. Kuteremka bado kulikuwa kunawezekana, sitawadanganya. Taa ya kichwani ninayo, minyororo naijua. Lakini nikaona picha nzima. Nabisha hodi kwenye ule mlango, theluji kichwani, yule bwege anainua uso kutoka kwenye sahani ya kari, na kwa adabu zake zile anasema, "Karibu, shemeji."

Nikaona afadhali sanda.

Nikaingia kwenye mfuko wangu wa kulalia, ule mwepesi, wa bei chee, wa kiangazi. Nikajizungushia turubai juu yake, nikabana ncha kwa meno. Nilitetemeka mpaka mifupa ikapigana. Halafu kutetemeka kukaisha, nikaanza kusikia usingizi mtamu.

Wanaopanda wanajua usingizi huo ni wa nani.

Kling'i. Kling'i. Kling'i.

"Tsukasa!"

Nikanyamaza. Hata pale, wakuu, nilinyamaza kwanza. Kiburi kilikuwa bado hakijaganda.

"Tsukasa! Nijibu, mpumbavu wewe!"

Mpumbavu? Nani? Nikainuka nimejaa hasira, na hasira ile ndiyo iliyonirudishia damu miguuni. "Mpumbavu ni nani?"

Akatokea kwenye ukungu kwa mikono na magoti. Miwani hana usoni, ameifunga kwa kamba shingoni kwa sababu ilikuwa imeganda barafu. Na bila miwani Kuwabara haoni hata pua yake. Alikuwa amepanda anapapasa alama za rangi kwenye miamba, moja baada ya nyingine, kama kipofu anayesoma ukuta. Mdomo wa bluu. Goti limechanika, suruali ya gharama yote ile.

Akavuta fito kutoka kwenye shanta, akazitupa mbele yangu.

"Vitu vyako."

"Nani kakwambia uje?"

"Funga mdomo, shika kona hiyo."

Nilishika kona. Upepo ulitaka kutunyang'anya hema mara mbili. Mara ya pili Kuwabara alilala juu yake kifudifudi, akatukana tusi ambalo sijawahi kulisikia hata ghalani. Fito zikapita, zikapinda, zikaingia kwenye matundu yake. Hema likasimama.

Tukaingia. Gesi yake ikakutana na jiko langu, tambi zake zikakutana na sufuria yangu. Maji yakachemka.

"Uligunduaje?" nikauliza.

"Mezani. Sahani imeshawekwa mbele yangu. Nikafungua shanta nichukue soksi, fito zikamwagika sakafuni. Watu wote wakageuka. Mwenye nyumba akaziona, akaniuliza hema liko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia liko juu, na mjinga mmoja. Akanikataza kutoka, akasema watakuja kesho kutafuta maiti."

Nilikunywa mchuzi. Halafu nikasema, kwa sababu lazima niseme, "Sikukuomba."

Hapo Kuwabara akavaa miwani yake. Akanitazama vizuri, kama anayenipima macho.

"Sikiliza, Tsukasa. Unadhani hapa ndani unadharau peke yako? Mimi nilikudharau tangu siku ya kwanza. Mwanaume mzima, miaka ishirini na sita, dada yako anakufulia. Unajiita mshairi, jirani yako hajui jina lako. Unajisifu kwa umaskini wako kama vile umeuvumbua wewe. Hakuna mtu aliyewahi kunichosha kama wewe."

Nikatoa kijiti cha kulia mdomoni.

"Sasa kwa nini umepanda?"

"Kwa sababu fito nilikuwa nazo mimi." Akachota tambi. "Na Misuzu anakupenda. Kwa nini, sijui. Nimemuuliza, hata yeye hajui."

Wakuu, nimetukanwa na mabosi, nimetukanwa na walevi. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Na kila neno lilikuwa kweli, kama yangu juu yake yalivyokuwa kweli. Ni bwege. Hajui kutembea. Anazungumza na milango. Lakini yule bwege alikuwa amekaa upande wa upepo, mgongo wake umelisukuma turubai lisituangukie, na hakutaja hilo.

Nilichojifunza ni hiki, chukua au acha. Watu watakwambia mpaka mpendane ndipo mlale hema moja. Uongo. Hema halisimami kwa mapenzi. Linasimama kwa fito, na mwenye fito akija nazo, shika kona yako. Ya moyoni mtayamaliza mkiwa mmekauka.

Asubuhi kulikuwa kweupe juu, kwekundu bondeni. Simu ikapata mtandao, ikaita hapohapo. Sauti ya dada ilikuwa inakwaruza, ya mtu ambaye hajalala.

"Mko hai?"

"Hai."

"Wote?"

"Wote."

Akavuta pumzi. Nikasikia kabisa anajikusanya. "Basi niambie. Bado unamdharau?"

Nikamtazama Kuwabara. Alikuwa anafunga plasta kwenye kidole cha mwisho, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika. Kumdanganya Misuzu sijawahi kuweza.

"Bado."

Nikaona kabisa kiti changu kinaburuzwa kutoka kwenye meza.

Kuwabara, ambaye kumbe sharti la kiti alilijua, akanipokonya simu. "Misuzu, na mimi namdharau. Kiti usikiondoe."

Akanirudishia, akaendelea na kidole chake.

"Dada," nikasema, "shairi lipo. Sikiliza:

*Turubai bila fito, hiyo ni sanda baridi;*
*shemeji mzigo mzito, kumbeba sina budi.*"

Kuwabara akainua kichwa. Nafikiri alisubiri matusi zaidi. Nilimpa mgongo, nikasema kwa sauti kubwa, ili dada asikie na yeye asikie:

"Nakuahidi, Misuzu. Nitakuja, nitakaa kwenye kiti changu, nitalisoma lote nimesimama, na sitamwita bwege mpaka mgeni wa mwisho aondoke."