Ndama Asiyeitika Shikamoo

Mama yangu alipofariki sikulia. Majirani wa kijiji chetu cha Igurwa waliojaa uani walinitazama kwa kuibia, wakingoja niangue kilio, nami niliendelea kugawa chai. Tulimzika kibanjani, kati ya migomba yake, hatua chache nyuma ya jiko.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Alipouliza bibi atarudi lini, nilimwambia, "Muulize baba yako." Baba yake akamwambia, "Muulize mama yako." Mwalimu wake wa chekechea akatuonea huruma, akatuazima kitabu cha picha. Humo bibi kizee anakufa ukurasa wa pili, anarudi akiwa ua, kisha ndege, na ukurasa wa mwisho anazaliwa ndama. Sisi ni Walutheri. Tunangoja ufufuo, hatungoji ndama. Lakini nilimsomea kila aliporudi kutoka shule, maana kilinipunguzia kazi ya kusema.

Kosa langu ni kwamba nilisahau ng'ombe wetu ana mimba.

Alipozaa, binti yangu alikimbilia zizini hata uso hajanawa. Akapiga goti, kama tunavyowafunza wasichana, akasema, "Shikamoo, bibi." Ndama akaendelea kunyonya. Kesho yake, hivyo hivyo. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikamua. Sikuona cha kuchekesha wala cha kusikitisha. Kifua changu kilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Siku ya nne alinijia analia.

"Mama, bibi haniitikii. Amenikasirikia."

"Akukasirikie kwa nini?"

"Siku ile sikumwamkia. Nilipita mbio."

Siku ile ilikuwa asubuhi ya mwisho ya mama. Chumba kilinuka dawa, mtoto akaogopa. Kumbe wiki zote hizo alikuwa amelibeba hilo peke yake, na mimi nilikuwa nafunua kurasa tu. Niliona aibu.

Niliweka ndoo chini. "Yule ni ndama, mwanangu. Kitabu ni hadithi. Bibi yuko kule tulikomzika."

"Nikimwamkia kule, atasikia?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli tangu msiba.

Tukaenda kaburini. Udongo ulikuwa umeanza kushuka, na majani makavu ya migomba yalikuwa yameangukia juu yake. Akayaondoa, akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Nisamehe." Kisha akatega sikio.

Nikakumbuka nilivyoingia asubuhi ile na kikombe cha uji, nikakiweka kando ya kitanda, nikatoka haraka kukata majani ya ng'ombe. Mama alikuwa macho. Nami sikumwamkia.

Nikapiga goti kando ya mwanangu, kanga ikilowa umande. "Shikamoo, mama," nikasema, na nikajikuta nasubiri aniitikie.