Fundi Ngurumo, anayepeleka injini za pikipiki angani

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye nyasi za uwanja mdogo wa ndege, na Fundi Ngurumo ameshakagua bolti zote za injini. Sasa anaanza upya. Mkono wa kulia una spana, wa kushoto una kitambaa ambacho hakifuti chochote.

"Shemeji, hizo bolti zitachoka kabla sijapaa," anasema mwanamke aliyekaa ndani ya ndege, kofia ngumu kichwani, mikanda imeshambana mabegani.

"Zichoke. Wewe kaa kimya."

"Nikae kimya, au nishuke, upande wewe?"

Kwa kawaida wawili hawa hutaniana mpaka watu wazima waone aibu kusikiliza, lakini leo utani unatoka upande mmoja tu. Fundi anarudi kwenye bolti zake.

Ndege yenyewe ni ya kiti kimoja, mabawa ya kitambaa juu ya mabomba ya aluminiamu, ya watu wanaoruka kwa kujifurahisha siku za mapumziko. Nyuma ya kiti kuna injini iliyotolewa kwenye pikipiki iliyopata ajali. Miezi mitatu iliyopita injini hiyohiyo ilizimika hewani, shemeji akiwa ndani. Leo inarudi juu kwa mara ya kwanza, na shemeji amekataa katakata mtu mwingine airushe.

Pembeni, ameegemea gari, amesimama mke wa fundi, dada mkubwa wa rubani. Amekunja mikono kifuani. Tangu wafike macho yake hayajatoka kwenye injini, na fundi anajua kabisa ni kwa nini.

Ngurumo ana miaka arobaini na sita, na sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia akiwa amechuchumaa kando ya pikipiki. Jina hilo alipewa mtaani, kwa sababu injini zake hujaribiwa nyuma ya nyumba. "Jirani alikuja kuniuliza mvua itanyesha saa ngapi, maana ngurumo anaisikia tangu asubuhi na nguo zake ziko kwenye kamba," anasimulia.

Mambo ya ndege yalimfuata. Mwanachama mmoja wa klabu ya uwanja huu alimletea injini ya ndege iliyokufa, na vipuri vyake havikupatikana. Ngurumo akamwambia kwa mzaha kwamba pikipiki iliyo pale nje ina nguvu kuliko hiyo. Yule bwana hakucheka, akaomba aone.

"Injini mpya ya ndege ndogo, bei yake ni ya kujengea nyumba," anasema Ngurumo. "Ya pikipiki iliyoanguka naipata kwa bei ya madirisha." Kwa mwaka anamaliza injini mbili, na chakula cha nyumbani bado kinatoka kwenye pikipiki za mtaani.

Kazi si kung'oa huku na kubandika kule. Injini ya pikipiki huzunguka kwa kasi kubwa mno kwa pangaboi la ndege, kwa hiyo lazima aweke puli mbili na mkanda wa meno katikati ili kasi ipungue. Halafu kuna suala la kuchoka. "Pikipiki inapumzika kwenye kila taa nyekundu," anasema. "Huko juu hakuna taa nyekundu."

Ndiyo maana kila injini huifunga kwanza kwenye toroli la chuma, toroli hulifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, kisha huiacha ivume kwa nguvu zote mchana kutwa. Ikivumilia hapo, ndipo anaipeleka uwanjani.

Hii ilivumilia. Shemeji, ambaye ni fundi wa kushona viti vya magari na ndiye aliyeshona kitambaa cha mabawa haya kwa mikono yake, aliirusha wiki baada ya wiki bila tatizo. Siku ya ajali alikuwa anarudi kutua, upepo mkali, na yuko juu kuliko alivyotaka. Akafanya wanachofanya marubani wakiwa hivyo: akainamisha bawa moja, pua akailazimisha upande mwingine, ndege ishuke kwa ubavu. Injini ikanyamaza.

"Ule ukimya siusahau," anasema shemeji. "Nilisikia mpaka kitambaa changu kikipigwa na upepo. Nikasema, kumbe niliacha mshono mmoja umelegea."

Alianguka kwenye shamba la alizeti kabla ya kufika uwanjani, akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Alipopelekwa hospitali, muuguzi aliyekuwa zamu kwenye mapokezi ya dharura alikuwa dada yake, mke wa fundi. Muuguzi akampokea, akamkata nguo kwa mkasi, akafanya kazi yake yote kama inavyotakiwa. Kisha akaenda chooni, akakaa humo muda mrefu.

Klabuni walisema ni mafuta machafu. Fundi hakuridhika, kwa sababu injini ilipojaribiwa chini iliwaka palepale. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akapima mafuta. Kila kitu kilikuwa salama, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Jibu lilikuja siku alipokuwa anasogeza toroli, injini ikiwa inawaka. Gurudumu moja likatumbukia kwenye shimo, toroli likalala upande, injini ikazima. Akaliinua, akawasha, ikawaka. Akaliinamisha tena, ikazima.

"Nikakaa chini hapohapo kwenye oili."

Pikipiki nyingi za siku hizi zina swichi ya kuanguka. Pikipiki ikilala chini, swichi hiyo inakata moto wa plagi ili injini isiendelee kuzunguka juu ya mguu wa mtu. Ngurumo aliihamisha pamoja na nyaya zote. Tena aliifunga kwenye bomba lililolala kidogo, kwa hiyo muda wote ilikuwa imeshainama nusu.

Kwenye kona za kawaida haikushtuka, kwa sababu ndege ikikata kona vizuri kila kitu hukandamizwa kuelekea kitini, kama pikipiki inavyolala kwenye kona. Ilingoja siku ya kushuka kwa ubavu, uzito wote ukivutwa upande mmoja.

"Ile swichi kila fundi wa pikipiki anaiheshimu, imeokoa watu," anasema. "Isingenijia akilini kuitoa. Injini niliipeleka angani, kichwa changu kikabaki barabarani."

Aliwaeleza mke na shemeji siku hiyohiyo, mezani. Shemeji alicheka mpaka bega likamuuma. Mke aliinuka, akaondoa vyombo.

Tangu hapo fundi amefungua kila waya na kuuliza kazi yake. Akaikuta pia swichi ya stendi ya pembeni, inayozima injini stendi ikishushwa, nayo akaitoa. Moto wa plagi sasa unapita njia mbili zisizokutana, moja ikikatika nyingine ibaki. Fundi mwingine wa klabu amekagua yote na kuridhika. Bado swali halimtoki: "Kuna nini kingine cha barabarani ambacho sikukiona?"

Injini inawaka. Ndege inakimbia juu ya nyasi, inanyanyuka, na Ngurumo anabaki na redio ya mkononi. Makubaliano ni kwamba shemeji apande juu sana, ashuke kwa ubavu huko, ili injini ikizima apate nafasi ya kutua taratibu.

"Naanza kushoto," sauti inatoka redioni. Ndege inainama. Mvumo unaendelea. "Sasa kulia." Mvumo unaendelea.

Fundi anabonyeza kitufe cha redio. "Inatosha, shemeji. Tua kawaida."

"Shemeji, siku ile haikuzimika huko juu. Ilizimika hapa chini, kwenye upepo wa juu ya miti. Nataka nijue."

"Nimesema tua kawaida!"

Ndege inazunguka mwisho wa uwanja na kuja, juu mno, makusudi. Bawa linainama. Fundi anainua redio mdomoni, na hapo mkono wa mkewe unaifunika.

"Mwache," anasema. "Anafanya kazi."

Upepo unaipiga ndege juu ya miti na kuitikisa. Mvumo unashuka ghafla, na fundi anaanza kukimbilia kwenye miti. Mke anamshika kiwiko kwa nguvu. Kisha mvumo unapanda tena: rubani alikuwa amepunguza mafuta kwa mkono wake mwenyewe, na sasa anayarudisha. Bawa linanyooka. Magurudumu yanagusa nyasi, yanadunda, yanatulia.

Ngurumo analia, wala hajifichi.

"Umeona?" shemeji anapiga kelele akivua kofia. "Imenguruma mpaka chini! Mbona unalia, nani kafa?"

Baadaye, wakiwa wamekaa nyuma ya gari, mwandishi wa makala haya anamuuliza fundi mpango wake ni nini. Anasema anataka kuandaa injini ya ndege ya viti viwili.

"Si kwa ajili ya abiria," anasema. "Siku ya majaribio fundi naye awe ndani. Kusimama chini nimechoka."

"Utatapika, shemeji," anasema rubani.

"Nitatapika, lakini nitakuwemo."

Mkewe anawaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Tengeneza ya viti vitatu," anasema.

Fundi anamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, injini kama hii haina nguvu ya kuinua watu watatu.

"Basi, baba watoto, katafute kubwa zaidi," anasema mke. "Mimi mapokezi sikai tena kuwasubiri."